Usimmalize wa Mwisho

Mimi sina ugomvi na zombi. Zombi akija kukula, amekuja kukula, hafichi. Hajakuuliza asubuhi watoto wameamkaje, hajachovya mkono kwenye bakuli lako mchana, hajakuita dada. Ugomvi wangu ni na wale waliosimama upande wangu wa dirisha wakiwa na bunduki mkononi, na nitausema wote hapa. Nimenyamaza vya kutosha, na kunyamaza hakujanifaa kitu zaidi ya kunipandisha presha.

Kazi yetu ilikuwa kuuza bima ya mazishi kwa simu. Kufa kufaana, walisema wahenga, na sisi tulikuwa tunafaana hata kabla mtu hajafa. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, chumba kimoja kirefu chenye madirisha yasiyofunguka na meza zilizotenganishwa kwa mbao zilizovikwa zulia la rangi ya tope. Kila mmoja alivaa spika za masikioni ambazo sifongo yake ilishabanduka, na ikifika jioni masikio yanawaka moto utadhani umezabwa makofi. Ukutani kulikuwa na bango la mikono iliyoshikana, limeandikwa UMOJA NI NGUVU. Ile mikono haikuwa ya mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi pale.

Namba za kupiga hatukuzichagua. Kompyuta ilizimwaga kwa mkupuo na kuzigawa kwenye meza zote, simu moja ikikatika nyingine inaingia, mpaka mkupuo uishe. Ukiisha, kabla hujameza mate, mwingine umeanza. Watu wanakutukana, wanakulilia, wanakuuliza namba yao umeitoa wapi, na wewe unatakiwa utabasamu, eti tabasamu linasikika kwenye simu. Hayo yalikuwa maneno ya msimamizi wetu, ambaye tulimwita Bwana Asilimia. Kwake hakuna kilichokosa asilimia. Aliporudi kutoka kumzika baba mkwe wake tulimpa pole, akatujibu kwamba anashukuru, huzuni imeshapungua kwa asilimia sitini.

Aliyeniingiza kwenye kazi ile ni Wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Mumewe alifariki akamwachia binti mmoja ambaye sasa yuko chuo, na chumba kile cha simu ndicho kilichokuwa kinamlipia binti ada na kumlipia mama yake kodi ya nyumba. Kwa umri wake, na kazi zilivyo adimu, akitoka pale hana pa kwenda. Alilijua hilo yeye, nililijua mimi, na kila aliyekaa meza za karibu alilijua. Walilijua vizuri sana.

Na ni Wifi huyohuyo aliyetuletea gemu. Mashine yake aliinunua mwenyewe, mtumba, kutoka kwa kinyozi aliyekuwa anafunga duka. Ukoo mzima ulishtuka. Mume wangu alisema dada yake amechanganyikiwa. Mama mkwe akauliza kama hao wafu hawatamfuata usingizini. Wifi akawajibu kwamba wengine wanafuga kuku, yeye anafuga mazombi, na afadhali mazombi, hawali pumba.

Siku moja akaibeba mpaka kazini ndani ya begi la nguo. Nyuma ya chumba cha simu kulikuwa na stoo ya viti vilivyovunjika, na ndani yake televisheni moja iliyoletwa zamani kwa ajili ya mafunzo yasiyofanyika. Saa ya chakula ikawa tunajifungia humo watu wanne. Wifi, mimi, kijana mmoja mwenye masharubu tuliyemwita Risasi, maana palipotosha kufyatua moja yeye alifyatua thelathini, na Mama Pacha, ambaye alicheza amesimama wima, mdomo wazi, anapiga mayowe yasiyotoka sauti ili Asilimia asisikie. Tulikula huku tunacheza, kijiko mkono mmoja, pedi ya kuchezea mkono mwingine.

Gemu lenyewe ni hivi. Mko wanne ndani ya nyumba ya mbao, nje giza. Mazombi wanakuja kupitia madirishani. Mnawapiga risasi, mnapigilia mbao kwenye madirisha, wanazing'oa, mnawapiga tena. Mkimaliza wote raundi imekwisha, king'ora kinalia, inakuja raundi nyingine yenye mazombi wengi zaidi na wenye mbio zaidi. Basi. Hakuna mlango wa kutokea, hakuna kombe, hakuna mwisho mwema. Hakuna kushinda kabisa, kuna kuchelewa kushindwa tu.

Mume wangu aliniuliza utamu wake uko wapi. Nikamwambia akae siku moja kwenye kiti changu, atukanwe na watu asiowajua huku anatabasamu, halafu apewe bunduki na aoneshwe adui amesimama dirishani. Mle ndani adui unamjua. Hakuna wa kukuambia mteja ni mfalme. Lakini hiyo si sababu yenyewe, hata hasira zina mwisho wake. Sababu yenyewe ni kunyanyuana. Mle ndani ukiangushwa hufi papo hapo. Unalala chini, rangi zinaanza kutoweka kwenye kioo, na una sekunde chache za mwenzako kukufikia, kupiga goti na kubonyeza kitufe mpaka usimame. Akiwahi, mmeendelea. Asipowahi, umekwisha. Na mle ndani walikuwa wanawahi. Nimemwona Risasi akipita katikati ya mazombi chumba kizima, risasi zimemwishia, ana kisu tu, anakwenda kumnyanyua Mama Pacha. Nimemwona Mama Pacha akiacha dirisha lake kwa ajili yangu. Wifi ndiye aliyezidi. Yeye alikuwa anaua wachache kuliko sote, na ananyanyua wengi kuliko sote. Ukisema tu "niko chini," kabla hujafunga mdomo amefika.

Niliwapenda wale watu. Naliandika hilo meno yakiwa yameumana.

Ni Wifi pia aliyegundua mambo ya mtambaaji. Alimpiga zombi wa mwisho miguuni, risasi zikamwishia, lile zombi likabaki linajivuta kwa mikono sakafuni kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Risasi alitaka kulimalizia. Wifi akamshika mkono.

"Usimmalize," akasema. "Mwacheni huyo, tupumue."

Tukaelewa papo hapo. Maadamu wa mwisho yuko hai, raundi haijaisha, na maadamu haijaisha nyingine haiwezi kuanza. Basi yeye anajikokota huko, nyinyi mnapigilia madirisha, mnaokota risasi, mnacheka, mnamalizia kula. Tangu siku hiyo ikawa sheria, wa mwisho hauawi mpaka kila mtu aseme yuko tayari.

Sasa hesabu mwenyewe, watu wenye akili timamu, wanaotoka stoo na kurudi kwenye kompyuta inayomwaga namba kwa mkupuo, ambayo haiwezi kumwaga mkupuo mwingine mpaka simu ya mwisho ikatwe. Ingechukua muda gani? Haikuchukua muda. Wiki hiyohiyo, mkupuo ulipokaribia kuisha, nilimsikia Wifi akimuuliza mteja habari za goti lake, taratibu, kama wako kibarazani. Meza zote zikawa kimya. Kompyuta ikasubiri. Mama Pacha akaenda msalani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Risasi akavua spika na kujilaza kifudifudi mezani. Mimi nikanywa maji, glasi nzima, bila mtu kunitukana katikati.

Mteja yule alikuwa mzee mmoja fundi kofia aliyestaafu, anaishi peke yake. Hakuwahi kununua bima na hakuwahi kukataa. Kila akipigiwa alisema, ngoja nifikirie, nipigieni kesho, kwa hiyo kompyuta ilimrudisha kila siku. Tukamwita Mzee Ngoja. Simu yake ikiangukia kwa mtu mwingine, anaomba aongee na Wifi, naye anahamishiwa. Mwanzoni nilimwonea huruma. Nilidhani tunamtumia mzee wa watu bila yeye kujua, na nikamwambia Wifi hivyo tukiwa tunashuka ngazi. Wifi akacheka. Akasema mzee alishaambiwa kila kitu siku ya pili tu, na yeye ndiye anayeuliza kila siku kama azungumze kirefu au kifupi.

Tulikwenda hivyo kwa muda mzuri tu. Hatukumwibia mtu. Tulikojoa, tukanywa maji, tukanyoosha migongo. Bima ziliuzwa, tena zaidi, kwa sababu mtu aliyepumua anaongea kama mtu. Lakini Asilimia alikuwa na karatasi zake za michoro, na kwenye michoro kukawa na tundu. Akaanza kusikiliza simu zilizorekodiwa.

Siku yenyewe alisimamisha kazi asubuhi. Alituamuru tuvue spika tusimame tukimwangalia, yeye kasimama chini ya lile bango la mikono. Akasema uzalishaji, yaani idadi ya simu, umeshuka kwa asilimia nane na kuna mtu mmoja anaihujumu kampuni. Kisha akafungulia spika kubwa.

Ilikuwa sauti ya Wifi, akimuuliza Mzee Ngoja hali ya goti. Mzee akauliza leo iwe kirefu au kifupi. Wifi akajibu, kirefu kidogo baba, leo wamechoka sana. Mzee akasema, haya, waambie wapumzike, mimi nitawaeleza habari za mlango wangu unaolia. Na akaeleza kweli, bawaba kwa bawaba. Lakini nyuma ya sauti zile mbili kulikuwa na sauti nyingine. Kulikuwa na kicheko cha Risasi, ambacho hata kiziwi angekijua. Kulikuwa na ndala za Mama Pacha zikielekea msalani, na sauti yake ikisema, "Wifi, mshike hapohapo, nakuja." Kulikuwa na mimi nikiuliza nani ana biskuti. Tulikuwemo wote, kila mmoja kwa sauti yake.

Asilimia akazima. Akauliza ni nani wengine wanaosikika mle, na akasema aliyehusika ajitaje mwenyewe.

Nilimwangalia Risasi. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwangalia Mama Pacha, naye alikuwa anaangalia viatu vyake. Chumba kizima, watu wote waliokunywa maji kwa mdomo wa yule mama, walikuwa wametulia kama maji mtungini, kila mmoja anakagua viatu kana kwamba vimenunuliwa jana. Wifi alikuwa chini. Hakuhitaji hata kusema. Alikuwa chini, sekunde zinakwenda, na kumnyanyua kulikuwa ni kufungua mdomo tu. Kama kumi wangesema "na mimi nilikuwemo," Asilimia angefanya nini? Angefukuza chumba kizima? Nani angemuuzia mazishi?

Wifi akasema, "Ni mimi peke yangu. Hao walikuwa wanasubiri simu ziingie."

Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka kwenye magodoro, kwamba sauti inayouliza biskuti ni yangu, na kwamba sote tulikuwa tunapumzika na sote tulikuwa tunajua. Nikageuka kuwaangalia. Nikawapa nafasi. Hakuna aliyenyanyua kichwa.

"Huyo ni mke wa mdogo wangu," Wifi akamwambia Asilimia, bila hata kunitazama. "Ananionea huruma. Biskuti aliulizia mtu mwingine."

Asilimia alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alijua, mjinga hakuwa. Lakini tundu la mchoro wake lilihitaji mtu mmoja wa kuliziba, na mmoja alishajitoa. Akasema nimshukuru wifi yangu. Akamwambia Wifi akusanye vitu vyake.

Vitu vyenyewe vilikuwa kikombe, sweta na chupa ndogo ya mafuta ya mikono. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nilimwambia nakwenda kuichukua mashine yake stoo, akanikataza.

"Waachie," akasema. "Watapumzikia nini?"

Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda, akishakupiga teke, humwachii na bakuli.

Nilirudi kazini kesho yake kwa sababu mume wangu alisema unga wa mtu mmoja ukimwagika inatosha kwa ukoo mmoja. Nilikuwa nimeamua kukaa kimya, kufanya kazi, kutowasalimia. Ningeweza. Lakini kabla ya saa ya chakula, mkupuo ulipokuwa unakaribia kuisha, nilimsikia Mama Pacha anamuuliza mteja, kwa ile sauti ya taratibu, kama wajukuu wake hawajambo. Meza zikawa kimya. Watu wakavua spika. Mmoja akajinyoosha mpaka mifupa ikalia.

Walikuwa wanaendelea! Kile kilichomfukuzisha Wifi jana, leo wanakinywa kama maji ya bomba. Nikaikalia mikono yangu.

Saa ya chakula Risasi akaja mezani kwangu. Hakunitazama usoni, alilitazama lile zulia la rangi ya tope. Akasema, dada, njoo basi, tumebaki watatu, tutakufa mapema. Nikanyanyuka nikamfuata. Naapa sikuwa nimepanga kitu. Nilikuta pedi ya Wifi juu ya kiti, na kwenye vitufe bado kulikuwa na utelezi wa yale mafuta yake ya mikono. Nikaishika hiyohiyo.

Tulicheza vizuri kuliko siku zote. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba tulicheza vizuri. Hasira zinalenga shabaha. Risasi aliangushwa, Mama Pacha akamnyanyua. Mama Pacha akaangushwa, nikamnyanyua mimi, na vidole vyangu vilifanya hivyo vyenyewe kwa mazoea. Tukapita raundi ya ishirini. Wakaanza kucheka. Risasi alisema laiti Wifi angekuwepo aone, akasema hivyo kabisa, kama Wifi amesafiri.

Kwenye raundi ya ishirini na sita madirisha yote yalivunjwa kwa pamoja. Risasi akaenda chini karibu na ngazi. Mama Pacha alimkimbilia, naye akaenda chini hatua mbili kabla hajamfikia. Mimi nilikuwa jikoni mwa ile nyumba, nina risasi, nina nafasi, njia nyeupe. Ningewafikia wote wawili.

"Dada, ninyanyue," Risasi akasema.

Nikaiweka pedi mapajani.

"Niko chini," Mama Pacha akasema. "Tuko chini wote, unafanya nini?"

"Naangalia viatu vyangu," nikasema.

Na nikaviangalia kweli. Vilikuwa vya bluu, vimechanika pembeni. Nikasikia mazombi wanavyowakaribia, nikasikia Risasi akibonyeza vitufe visivyo na kazi tena, halafu nikasikia akiacha kubonyeza. Hakuna aliyeuliza tena. Kioo kikawa chekundu. Nami nikaliwa jikoni, nimesimama, bunduki imejaa.

Mama Pacha akaanza kulia. Akasema nina watoto wawili, dada, wawili wa mara moja, unajua. Nikamwambia Wifi naye alizaa, hakuokota. Risasi akapangusa masharubu yake kwa kiganja, akasema taratibu kwamba hilo lilikuwa gemu tu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kwenye gemu mlikuwa mashujaa."

Nikachomoa waya. Nikaukunja, nikachukua pedi zote nne, moja nikiitoa mkononi mwa Mama Pacha, nikaifunga mashine kwenye mtandio wangu na kupita nayo katikati ya chumba cha simu. Asilimia alisimama njiani. Akaniuliza nakwenda wapi na muda wa chakula umebaki robo. Nikasema nyumbani. Akasema nikitoka saa za kazi nisirudi. Nikamwomba anipishe, na akanipisha, nadhani kwa sababu ya uso wangu.

Wifi anaishi vyumba viwili uani, mtaa wa nyuma ya kwetu. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo aliyoifunika, miguu kaitoa nje ya kizingiti, simu sikioni. Akaninyooshea kidole nisubiri. Nilisubiri, mashine inanivunja mkono, mpaka nikasikia anasema, haya baba, paka mafuta hiyo bawaba, kesho utaniambia. Alikuwa Mzee Ngoja. Hakuna aliyekuwa anapumzika popote kwa ajili ya simu ile, hakuna mkupuo uliokuwa unasubiri, na bado alikuwa amemwacha aeleze mlango wote.

Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Nilidhani atacheka. Nilitaka acheke. Badala yake uso wake ukabadilika, na katika miaka yote niliyoolewa kwao sikuwahi kumwona Wifi amekasirika hivyo.

"Nilianguka mimi ili wewe ubaki umesimama," akasema. "Na wewe umekwenda kujilaza mwenyewe. Mdogo wangu atakula nini? Watoto watakula hasira zako?"

Nikamwambia wale watu ni wanafiki. Akasema anajua. Nikamwambia walikuwa wanatumia simu ya mwisho vilevile, kama hakuna kilichotokea. Akasema vizuri, angalau walikunywa maji. Nikamwambia yeye ni mjinga, na hilo mtu hamwambii dada wa mumewe, nami nilimwambia. Akaingia ndani, akarudi na glasi ya maji, akanipa, akaketi tena kwenye ndoo yake. Kila mmoja alikuwa na hasira zake, jua linatuhamia miguuni.

"Mlifika raundi ya ngapi?" akauliza.

"Ishirini na sita."

Akaguna. Nikaona hilo limemuuma kidogo, kwa sababu sisi naye tulikuwa hatujawahi kupita ishirini na nne.

Tukaingia ndani tukaiunganisha mashine kwenye televisheni yake ndogo, ile yenye ufa kwenye kona. Tukacheza wawili. Sikuwa naona vizuri. Sikuwa nalia, macho yalikuwa yananivuja tu kwa hasira, na kabla hatujafika mbali nikajibana kwenye kona, wakanizunguka, nikaenda chini. Chumba kizima kilijaa. Wifi alikuwa ng'ambo, kwenye ngazi, njia yake ya kutorokea wazi kabisa.

"Niache," nikamwambia. "Kimbia wewe."

Hakukimbia. Alishuka ngazi na kisu, akapita katikati yao kama mtu anayesukuma watu kwenye foleni, akanifikia, akapiga goti. Walimwangusha akiwa ameshaanza kubonyeza. Tukalala pale sakafuni wote wawili, bega kwa bega, kioo kikawa chekundu.

"Ungeniacha ungefika mbali," nikasema.

"Ningefika na nani?" akasema Wifi.

Yeye akapangusa pedi yake kwenye kanga na kusema kesho nirudi nikamwombe Asilimia radhi, na mashine niwarudishie wenzangu. Nikasema radhi nitaomba, kwa asilimia kumi, kwa ajili ya watoto, lakini mashine haitoki ndani ya nyumba hii. Akasema itatoka. Nikasema haitoki. Akabonyeza kitufe, tukaanza tena raundi ya kwanza, na bado tunabishana.